Swali la boti: shajara ya mradi wetu wa hesabu darasa la sita, Unguja na Pemba, 2019

Jumatatu 11 Februari

Leo ndo tumeanza rasmi. Kibali kimetoka Ijumaa jioni baada ya barua yetu kulala wiki tatu kwenye trei ya ofisi moja, na ilipoonekana ilikuwa imewekewa kikombe cha chai juu, ile duara ya kahawia mpaka leo iko kwenye nakala yangu, karibu na muhuri, utasema muhuri wa pili.

Kwa wenzangu mtakaosoma huku mbele: tuko wanne. Mimi nimefundisha hesabu miaka tisa kabla ya kurudi kusoma, wawili bado wako darasani mmoja mjini mmoja Pemba, na tuna Maalim mmoja mstaafu ambaye alikuwa anasahihisha mitihani mimi bado nanyonya. Swali letu ni moja tu. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilisema hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Wenzetu wa bara kwenye skuli za serikali mtoto anakwenda na hesabu za Kiswahili mpaka anamaliza msingi, lugha inambadilikia kidato cha kwanza, wa kwetu inambadilikia bado mdogo kabisa. Sasa akikosa swali kwenye karatasi ya Kiingereza, kakosa hesabu au kakosa lugha? Maana alama ni ile ile sifuri, haisemi imetoka wapi.

Tunavyofanya: maswali 20, matoleo mawili, moja Kiingereza moja Kiswahili, nusu ya watoto wanaanza na hili nusu na lile, baada ya wiki mbili wanabadilishana. Si uvumbuzi, watu wameshafanya hivi sehemu nyingi. Ila sisi tunafanya nyumbani, na nyumbani ni padogo. Sensa ya 2012 ilituhesabu 1,303,569 visiwa vyote, kwa hiyo anayetunga mtihani na anayeandika kitabu na anayefundisha walimu unaweza ukawakuta sinia moja ya pilau kwenye arusi ya Jumapili. Mkuu wa skuli yetu ya kwanza ni mume wa shangazi yangu. Fomu ya ridhaa imeandikwa vizuri kabisa kwamba ana hiari ya kukataa bila madhara yoyote, akasaini bila kusoma akaniuliza "mbona hujaja kumuona shangazi yako tangu Maulidi?" Nikaandika kwenye daftari: ridhaa imepatikana. Afu nikakaa najiuliza ile ni ridhaa au ni ukoo.

Ijumaa 22 Februari

Wiki nzima tumekula na tafsiri. Nilidhani ni kazi ya siku mbili, kumbe hamna.

Upande wa Kiingereza matatizo tunayajua wote tuliofundisha. Ukiandika tafuta "difference" ya 45 na 28, mtoto anakujibu 45 kubwa 28 ndogo, na ukweli hajakosea, hiyo ndiyo tofauti yao. Ukiandika "table" anatafuta meza. "Volume" anaijua ya redio. Haya, tukasema toleo la Kiswahili litakuwa safi, lugha ya mama si ndiyo hiyo. Tukaandika "tafuta zao la 6 na 7" kama vitabu vinavyosema, tukawajaribu watoto wachache wa mtaani kwangu, kijana mmoja akaniangalia akaniuliza "zao gani Mwalimu, karafuu?"

Nilicheka mpaka machozi lakini swali limekufa pale pale. Tena kuna maneno ambayo hawa watoto sasa wanayajua kwa Kiingereza tu, ukisema "perimeter" anazungusha kidole pembeni ya daftari, ukisema mzingo anakuangalia. Yaani si kwamba Kiswahili ni chepesi na Kiingereza ni kizito, mtoto ana vipande huku na vipande kule, na MAGAZIJUTO yake aliyoikariri vizuri kabisa (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) leo anaambiwa aisahau ashike herufi nyingine zenye kazi ile ile.

Ugomvi mkubwa lakini ni swali namba 14, la boti. Kwa Kiingereza linasema boti inaondoka Dar 9:30 a.m., safari ni ya masaa mawili, itafika Zanzibar saa ngapi. Kwa Kiswahili tumeandika inaondoka saa 3:30 asubuhi, sawa. Tukafika kwenye muda wa safari. Mimi nikaandika "masaa mawili". Mwenzetu wa mjini ambaye anafundisha na Kiswahili akakata kalamu nyekundu, ati wingi wa saa ni saa, masaa ni makosa, karatasi ya utafiti haiwezi kwenda na makosa ya lugha. Kwa hiyo imetoka hivi: "Safari huchukua saa 2." Nimenyamaza kwa heshima ila moyo umekataa.

Jumatano 6 Machi

Majaribio ya kwanza, skuli ya mjini, mikondo miwili, yaani wengine wanasoma asubuhi wengine mchana. Asubuhi tumewapa toleo la Kiswahili, mchana toleo la Kiingereza. Mnaojua skuli za mikondo miwili mshaona shimo liko wapi, sisi hatukuliona.

Asubuhi kwanza. Namba 14 nimekaa nyuma ya watoto wawili dawati moja. Wa kulia kasoma, kasoma tena, akamnong'oneza mwenzake: "Imeondoka saa tatu na nusu, imefika saa mbili. Imefika kabla haijaondoka." Mwenzake akamjibu kwa utulivu kabisa: "Itakuwa kesho yake." Akaandika saa 2 kesho. Saa 2! Nilimtafuta mwenzetu wa kalamu nyekundu kwa macho, alikuwa anaangalia dirishani. Namba ikibaki 2 mbele ya saa, nani atajua ni muda au ni mshale? Toleo lijalo tunaandika masaa mawili, wataalamu watusamehe.

Sasa mchana. Kati ya mikondo kuna ile nusu saa ya kupishana getini, wa asubuhi wanatoka wa mchana wanaingia, ndugu wanakabidhiana hata mkoba maana mkoba ni mmoja, na wakikabidhiana mkoba wanakabidhiana na mtihani. Nilianza kushtuka nilipomuona mmoja anaandika jibu la namba 14 kabla hajafungua ukurasa wenye namba 14. Kaandika 5:30. Kwa toleo la Kiswahili hilo ndilo jibu, saa tano na nusu. Kwa toleo la Kiingereza mwongozo unasema 11:30.

Na 5:30 ziko nyingi kwenye karatasi za mchana. Wangapi wamepewa na dada zao getini, wangapi wamefika wenyewe kwa kugeuza saa kichwani? Hakuna njia ya kujua. Siku nzima imeharibika kwa sababu ya geti.

Alhamisi 7 Machi

Mvua. Fotokopi ya Darajani haina umeme. Nimelala.

Jumamosi 16 Machi

Kusahihisha, baraza ya nyumbani kwa Maalim, chai na mkate wa kumimina. Tumeweka utaratibu kila karatasi isahihishwe na watu wawili bila kuonyeshana, afu tunalinganisha. Asilimia ya kukubaliana ilikuwa nzuri, mwenzangu wa Pemba akafurahi, ikabidi nimharibie furaha. Chukulia wasahihishaji wawili, kila mmoja anatoa vema kwenye karatasi 80 kati ya 100. Hata kama zile vema 80 wanazigawa kwa kubahatisha tu bila kusoma, watakutana kwenye vema 0.8 mara 0.8 na kwenye kosa 0.2 mara 0.2, jumla 0.68. Yaani asilimia 68 ya makubaliano ni ya bahati, bure kabisa. Kwa hiyo ukiniambia mmekubaliana asilimia 84 mimi natoa zile 68, inabaki 16 juu ya 32 zilizokuwa zinawezekana, nusu tu. Hicho ndo kipimo cha kappa alichokileta Jacob Cohen 1960, na kwa mtu aliyezoea asilimia kinauma.

Maswali mengi kappa imesimama vizuri. Namba 14 imeanguka chini kabisa, na nilipofungua karatasi moja moja nikaona ugomvi wote ni 5:30. Maalim kote kaweka kosa. Mwenzangu wa Pemba kote kaweka vema.

Maalim: "Swali la Kiingereza linajibiwa kwa saa ya Kiingereza. Boti ya saa kumi na moja na nusu jioni ni boti nyingine."

Mwenzangu: "Maalim, hapa kwetu nani anasema eleven thirty? Wewe adhuhuri unaadhini saa ngapi?"

"Mimi siadhini, nnaswali."

"Unaswali saa ngapi basi?"

"Saa sita na nusu."

"Haya."

Maalim akanyamaza akamimina chai, afu akasema neno ambalo sijaweza kulijibu mpaka sasa. Kasema, mwanangu, wewe mkubalie 5:30 leo ufurahi. Huyu mtoto darasa la nne na kidato cha pili anapimwa na Baraza la Mitihani la hapa hapa Zanzibar, labda mtaenda mkawaambia wakawaelewa. Kidato cha nne anapimwa na NECTA, karatasi moja na watoto wa Mbeya na Mwanza, kule utakwenda kumsemea nani? Na kweli. Nchi ndogo ina hilo, kanuni yako unaweza kuitengeneza vizuri ukutani kwako, mlango wa mwisho ufunguo anao jirani.

Tumekubaliana kutosahihisha tena namba 14 kwa vema na kosa. Tunaandika jibu lenyewe: 11:30, au 5:30, au jingine. Na tunakwenda sehemu ambako hakuna mikondo miwili.

Jumanne 26 Machi

Kisiwa kidogo pembeni ya Pemba, nauli ya mashua, viatu mkononi. Sitakitaja jina na huko chini mtaona kwa nini. Mkondo mmoja, na mtihani haujawahi kufika kabla yetu. Tumewapa la Kiingereza, afu tukawaita mmoja mmoja chini ya mwembe wakatuelezea walivyofikiri, kwa lugha yoyote wanayoitaka.

Msichana mmoja, mdogo wa umbo, kaandika 5:30. Nikamuuliza umeipataje. Akasema: "Nain thati ni saa tatu na nusu. Nikaongeza saa mbili. Tano na nusu." Hakusita hata kidogo. Nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu nikaazima saa ya ukutani, nikaisukuma mishale mpaka 9:30, nikamuuliza hapa saa ngapi. Tatu na nusu. Mshale mfupi unaangalia namba gani? Akasogea akaangalia kama ndo mara ya kwanza anaziona zile namba, akasema "tisa... na kumi." Akacheka. Nikamuuliza sasa mbona unasema tatu. Akaweka kidole kwenye tisa, akakivusha katikati ya saa moja kwa moja mpaka upande wa pili kwenye tatu, akasema "unasoma huku."

Unasoma huku! Mimi nimezaliwa hapa nimesoma saa maisha yangu yote na sijawahi kujua kwamba navusha kidole. Huyu mtoto kasoma Kiingereza kaelewa, kakigeuza kakipeleka kwenye saa yake, kajumlisha hesabu sawasawa, kaandika jibu. Hatua tatu, zote sahihi. Kwa mwongozo wetu ana sifuri.

Aliyefuata kaandika 11:30, nikasema huyu ndo kaelewa. Nikamuuliza boti imefika wakati gani, asubuhi, mchana, usiku? Akasema usiku. Kwa nini? "Saa kumi na moja na nusu, magharibi inakaribia." Hakugeuza kitu, kaona 9:30 kaona 2 kajumlisha. Yeye ana alama moja.

Darasani pia tulikaa kipindi kimoja. Mwalimu ubaoni anaandika Kiingereza, mdomoni Kiswahili, kila sentensi. Kuna wakati alitupa jicho akaanza kusema Kiingereza kwa ajili yetu, darasa likafa ganzi, mikono yote chini, akaona akarudi kwenye Kiswahili mikono ikapanda. Mwalimu mzuri huyu, mmoja kati ya wazuri niliowahi kuwaona, na alipotusindikiza mpaka kwenye mashua akasema taratibu, "hilo la Kiswahili msiliandike sana, mkaguzi akija itakuwa maneno."

Nimefika Wete usiku nafungua mkoba nakuta saa ya ukutani ya mwalimu mkuu imo ndani. Yarabi.

Jumapili 7 Aprili

Sikukuu ya Karume, mji umetulia, nimekaa na laptopu. Nina karatasi 40 za Pemba ambazo naziamini, hazijapita getini kwa mtu. Nimefanya hesabu ya zamani kabisa, unapanga watoto kwa jumla ya alama, unachukua asilimia 27 ya juu na 27 ya chini, kwa 40 ni kama watoto 11 na 11, afu kila swali unaangalia wa juu wamelipata wangapi na wa chini wangapi. Swali zuri wa juu wanalipata zaidi. Likienda sawa kwa sawa halitenganishi mtu. Likigeuka, wa chini wakalipata kuliko wa juu, kuna kitu kimeoza ndani ya swali.

Namba 14 kwa mwongozo wa Maalim limegeuka. Wa chini wanajumlisha tu wanaondoka na 11:30, wa juu wengi wao wanageuza saa kwanza. Nimerudia mara tatu nikidhani nimekosea safu kwenye Excel. Nikahesabu 5:30 kuwa vema, swali likasimama wima.

Watoto 40 si kitu cha kupigia ngoma na sitaki mtu akanukuu hii kama vile tumethibitisha jambo. Ila nimekumbuka miaka tisa yangu ya kalamu nyekundu. Mimi mwenyewe nimewakosesha wangapi 5:30?

Jumamosi 20 Aprili

Rasimu ya ripoti. Nimemtumia mwenzangu wa Pemba ile sehemu ya kisiwa, nimeficha kila kitu kama tulivyofundishwa, jina la skuli nimeweka "Skuli C", mwalimu nimeandika "mwalimu wa kike wa hesabu, ana stashahada, yuko skuli ya msingi ya kisiwa kidogo Pemba". Jibu limerudi WhatsApp baada ya dakika mbili: "Sasa malizia na namba yake ya simu."

Kweli jamani. Vitabu vya mbinu za utafiti vimeandikwa na watu ambao nchini kwao walimu wa hesabu ni maelfu kwa maelfu, ukifuta jina umemficha. Hapa ukifuta jina umebakisha mtu. Mwanamke, hesabu, kisiwa, stashahada, kila neno ni kidole kinamuelekea, na pale mashua ilipoondoka yeye alituomba kitu kimoja tu.

Kwa hiyo nimefuta kisiwa, nimefuta kike, nimechanganya vipindi vyote tulivyovikaa skuli zote nikaandika kwa pamoja kwamba tumeona ubao unakwenda na lugha moja na mdomo nyingine. Imepoa, najua. Ile picha ya mikono kushuka na kupanda imepotea kwenye ripoti, na ndiyo ilikuwa na nguvu kuliko jedwali lolote. Wizara wakisoma wataona aya moja ya kawaida. Kwenye shajara hii nimeiacha maana inakaa kwetu wanne, na siku tukiamua kuitoa nje mtu anikumbushe nirudi kwenye tarehe 26 Machi nikate.

Na mume wa shangazi pia nimemuandika, kwenye kipengele cha mipaka ya utafiti: baadhi ya wakuu wa skuli wana undugu na watafiti. Maalim kasoma akasema "baadhi?"

Ijumaa 3 Mei

Ramadhani inabisha hodi, tunafunga kazi ya uwanjani, baada ya hapa hakuna mtoto wa kumkalisha chini ya mwembe.

Namba 14 imebaki kwenye karatasi. Tumevutana sana. Wawili walitaka itolewe, kwamba swali likigombanisha wasahihishaji linatupwa, ndo kanuni. Mimi nikasema tukilitupa ndo tumetupa mradi wenyewe, maana maswali mengine 19 yanatuambia mtoto kapata au kakosa, hili peke yake limetuonyesha njia aliyopita. Limebaki, na majibu yanaandikwa vile vile yalivyo, 11:30 na 5:30, na kwenye jedwali tunatoa alama mara mbili, kwa mwongozo wa Maalim na kwa wa mwenzangu, msomaji aone mwenyewe darasa lile lile linavyopanda na kushuka. Maalim kakubali kuweka saini ila kaomba iandikwe kuwa yeye hakukubaliana. Imeandikwa.

Toleo la Kiswahili sasa linasema "masaa mawili". Wa kalamu nyekundu kaliona, kaguna, kapita.

Kilichobaki: karatasi za marudio Unguja kuingizwa, karatasi za mchana za ile skuli ya mjini zifungwe peke yake zisichanganywe na kitu, mbaazi za shangazi, na ile saa ya ukutani iende na boti ya Jumatatu, nimeshampata mtu wa kuipeleka mpaka ufukweni. Betri ilikuwa imekufa nimeitia mpya. Nilipoiweka sawa nikajikuta navusha kidole.